MAHINDI YETU, MSIMU WETU, NA BEI YA WENGINE
Historia fupi ya mkulima wa Iringa na Njombe



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu mtasoma habari za hisa, za mikopo, za mfuko wa jamii na za viongozi waliotutangulia. Imeonekana si vibaya kurasa chache zitengwe kwa ajili ya jambo ambalo ndilo linalojaza sanduku letu na ndilo linalolikausha, nalo ni mahindi. Tuseme ukweli: hata mwanachama anayeuza vitumbua, hata mwenye genge pale sokoni, wateja wake wana hela mahindi yakiwa na bei, na hawana hela mahindi yakikosa bei. Hakuna aliye nje ya shamba hapa kwetu.

Makala haya yanauliza swali moja tu. Kwa nini mkulima wetu, na hasa mama, anauza mahindi wakati bei iko chini, halafu miezi sita baadaye anayanunua yale yale wakati bei iko juu? Wapo wanaojibu haraka kwamba ni kukosa elimu, ama ni tamaa ya hela. Historia inatoa jibu tofauti. Tangu mahindi yawe biashara katika mkoa huu, aliyeweza kusubiri ndiye aliyepata bei. Na uwezo huo wa kusubiri ulipita mikono mingi, lakini ulichelewa sana kufika mkononi mwa mama mkulima.

MWAKA WETU UNA MSIMU MMOJA

Kwanza tukumbushane tulivyoumbiwa hali ya hewa. Ndugu zetu wa Kilimanjaro na sehemu nyingine za kaskazini wana masika na wana vuli, kwa hiyo wanaweza kuvuna mara mbili. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini mvua yetu ni moja. Huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Tunapanda Novemba na Desemba, tunapalilia Januari, na mahindi makavu yanaingia nyumbani kuanzia Juni mpaka Agosti, mahali pengine mapema zaidi na penye baridi kama Njombe yanachelewa zaidi.

Maana yake ni kwamba mahindi ya mkoa mzima, na ya mikoa jirani ya Mbeya, Ruvuma na Rukwa, yanafika sokoni kwa wakati mmoja. Kila nyumba ina magunia, kila nyumba ina shida, na mnunuzi anachagua. Hapo bei inaanguka. Ikifika Januari, Februari na Machi, vihenge vimebaki vitupu na mahindi mapya bado yana ndevu tu. Hapo bei inapanda. Wafanyabiashara hawakuyabuni haya, ni jua na mvua. Lakini nani anafaidika na jua na mvua hiyo, hilo ni jambo la watu, na lina historia yake.

KABLA MAHINDI HAYAJAWA BIASHARA

Zamani za wakoloni, watu wengi wa huku hawakutegemea kuuza mahindi ili wapate hela. Hela ya kodi ilitafutwa mbali. Wanaume wa Njombe kwa maelfu walikwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge, wakiitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo cha kukusanya vibarua, SILABU, na wilaya ya Njombe ikawa moja ya mahali pake pakubwa pa kuchukulia watu.

Baba alipokuwa Tanga, nani alilima? Bibi zetu. Walilima ulezi, mahindi, maharage na viazi, wakafuga kuku, wakalea. Kihenge kilikuwa chao. Walijua ni debe ngapi zitafika mpaka mavuno, na walijua kihenge kisichoguswa mpaka Februari. Hiyo ndiyo akiba ya kwanza tuliyoijua, hata kabla ya neno "hisa" kufika hapa.

ISMANI: MAHINDI YANAKUWA MALI

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, na jina lake ni Ismani. Hii ni tarafa iliyoko kaskazini mwa mji wa Iringa, njia ya kwenda Dodoma. Katika miaka ya 1940 na 1950 watu walifyeka pori lile wakapanda mahindi. Udongo ulikuwa mpya, ukazaa bila mbolea. Wakatokea wakulima wakubwa wenye matrekta na vibarua, waliolima eka kwa mamia. Lori zikawa zinapishana.

Lakini udongo nao ni sanduku. Ukitoa kila mwaka bila kurudisha, siku moja unafungua unakuta hamna kitu. Kufikia miaka ya 1960 mavuno ya Ismani yalikuwa yameanza kushuka, kwani mahindi yalifuata mahindi mwaka hadi mwaka na miti ilikuwa imekwisha. Mvua ya kule pia ni ya kubahatisha. Mwenye trekta alihamia eka mpya. Mwenye jembe la mkono hakuwa na pa kuhamia.

Ndipo siasa ya Ujamaa ilipofika Ismani na kukuta watu wenye mashamba makubwa kwa upande mmoja na vibarua kwa upande mwingine. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na kufa huko Ismani mikononi mwa mkulima Said Mwamwindi. Nchi nzima ilishtuka. Tunalitaja tukio hili si kwa kuchochea majeraha ya zamani, bali kwa sababu linaonyesha kwamba tangu zamani ugomvi wa mahindi si ugomvi mdogo. Ni ugomvi wa nani mwenye ardhi, nani mwenye jasho, na nani mwenye ghala.

"SIASA NI KILIMO" NA GHALA LA SERIKALI

Mei 1972 TANU ilikutana hapa hapa Iringa ikatoa tamko la "Siasa ni Kilimo". Wakulima wakahimizwa kulima kwa mistari, kutumia mbolea na mbegu bora. Mwaka huo huo wa 1972 kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na familia nyingi zikahamishwa. Operesheni hiyo ikakutana na ukame wa 1973 na 1974. Chakula kikawa haba, na nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Wenye umri wanaukumbuka unga wa njano ambao watu waliubatiza "Yanga". Serikali ikaja na kampeni ya "Kilimo cha Kufa na Kupona".

Wakati huo mnunuzi alikuwa mmoja kisheria: Shirika la Usagishaji la Taifa, yaani NMC. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na NMC ikawa inanunua moja kwa moja kutoka vijijini. Tena kuanzia katikati ya miaka ya 1970 bei ya mahindi ilikuwa moja kwa nchi nzima. Aliye Sumbawanga na aliye Morogoro walilipwa sawa, ingawa wa Sumbawanga yuko mbali sana na Dar es Salaam, na gharama ya lori ikabebwa na shirika.

Jambo hilo lilibadilisha ramani ya mahindi ya Tanzania. Kwa bei sawa, mbolea ya ruzuku na mbegu chotara kama H614 na H6302, mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa ndiyo ghala la taifa. Watu wakaiita "mikoa minne mikubwa". Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, na barabara kuu ya kwenda Zambia zilisaidia. Katikati ya miaka ya 1980 lami ya kutoka Makambako kwenda Songea ikafungua Ruvuma.

Sasa tuangalie nani alikuwa anasubiri katika mpango huo. Bei ya NMC ilikuwa ile ile Julai na ile ile Februari. Mkulima hakuwa na sababu ya kutunza mahindi ya kuuza, kwa kuwa kusubiri hakukumwongezea hata senti. Mwenye kutunza alikuwa Serikali. Hilo lilimpunguzia mkulima wasiwasi, lakini lilikuwa na kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza, bei yenyewe ilikuwa ndogo. Msimu wa 1980/81 ilikuwa shilingi 1 kwa kilo, wakati kwa magendo mahindi yaliuzwa kwa bei kubwa zaidi mara kadhaa. Msimu wa 1984/85 ilifika shilingi 4, lakini na bei ya sabuni, khanga na sukari nayo ilikuwa imepaa, kama vitu vyenyewe vilipatikana.

Kasoro ya pili, malipo yalichelewa. Mkulima alipeleka magunia, akapewa karatasi, akangoja. Hapo kusubiri kulikuwepo, lakini ni kule kusiko na faida: mahindi yameondoka, na hela haijaja.

Kasoro ya tatu inatuhusu sisi moja kwa moja. Mahindi yalipokuwa chakula yaliitwa ya mama, yalipopimwa mzani yakawa ya baba. Kaya iliandikwa kwa jina la mwanamume, na kwa kawaida ndiye aliyekwenda kupokea hela. Mama aliyepanda, aliyepalilia, aliyevuna na kupukuchua alisikia bei kwa kuambiwa.

WALANGUZI, VIZUIZI NA MAGEUZI

Miaka ile kusafirisha mahindi bila kibali kulikuwa kosa. Ulitakiwa usizidishe kilo 30. Mama akibeba gunia kumpelekea ndugu yake mjini anaitwa mlanguzi. Mwaka 1983 kukawa na msako mkali wa wahujumu uchumi. Njaa haikuisha kwa msako, kwa hiyo mwaka 1984 Serikali ilianza kulegeza: mtu akaruhusiwa kusafirisha mpaka kilo 500, na Machi 1987 vizuizi vya mahindi barabarani viliondolewa. Mvua zilikuwa zimekubali, mikoa minne ikavuna kupita uwezo wa NMC. Huko Rukwa na Ruvuma magunia yalirundikwa nje, yakanyeshewa, yakaoza, huku shirika likiwa limezama katika madeni ya benki.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa. Lori za watu binafsi zikaingia mpaka vijijini. Hili tusilidharau. Mkulima alilipwa hela mkononi siku hiyo hiyo. Mama aliweza kuuza debe mbili kimya kimya akanunua chumvi na daftari bila kuuliza mtu. Aliye karibu na lami, kama wa Iringa, Ilula na Makambako, alifurahi.

Ila bei moja ya nchi nzima ilikufa, na ruzuku ya mbolea ikafuata. Kuanzia msimu wa 1990/91 ruzuku ilipunguzwa hatua kwa hatua mpaka ilipoondolewa kabisa msimu wa 1994/95. Udongo wa Njombe na Mufindi mnaujua: bila mbolea unapata mahindi yenye vigunzi kama vidole. Mkulima aliyezoea mifuko mitatu kwa eka akaweka mmoja, asiye na uwezo akaweka jasho tupu. Wengi wakarudi kwenye magunia manne na matano kwa eka. Na kwa mara ya kwanza bei ikawa inapanda na kushuka na msimu waziwazi, mbele ya macho ya kila mtu. Kusubiri kukawa na thamani ya fedha. Swali likawa: nani ana ghala, nani ana mtaji, nani hana shida ya haraka? Jibu ni mwenye lori.

RUZUKU INARUDI, MIPAKA INAFUNGWA NA KUFUNGULIWA

Mwaka 2003 Serikali ilianza kurudisha ruzuku ya mbolea, na msimu wa 2008/09 zikaja vocha. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha za mbolea na mbegu za kutosha eka moja, ikachangia karibu nusu ya bei. Waliopata walivuna. Lakini tulijionea pia vocha kusainiwa na kuuzwa hata kabla mbolea haijaonekana, kwa sababu mwenye vocha hakuwa na ile nusu ya kuchangia. Mpango huo ulikwisha msimu wa 2013/14. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya mbolea duniani, ruzuku ikarudi tena. Ilizinduliwa Nane Nane mjini Mbeya, na mfuko wa kilo 50 wa urea uliokuwa umepita shilingi 120,000 ukauzwa kwa 70,000 hivi.

Kwa upande wa soko, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, uliundwa mwaka 2008 kuchukua kazi ya hifadhi ya nafaka, na Makambako ni mojawapo ya vituo vyake. NFRA inaponunua, bei hupata nguvu. Lakini hainunui kwa kila mtu, na mara nyingi mwenye magunia matatu hafiki mizani ile. Anauza kwa dalali, dalali ndiye anayefika.

Halafu kuna mipaka. Mahindi yetu yanakwenda Dar es Salaam, lakini pia yanavuka Tunduma na Namanga kwenda kwa majirani. Mwaka 2011 Serikali ilizuia kuuza mahindi nje, na mwaka 2017 ikazuia tena. Mwanzoni mwa 2017 mahindi yalikuwa ghali sana, watu wakalima kwa bidii, wakavuna, mpaka ukafungwa, bei ikaporomoka. Waliotunza msimu ule wakitegemea Februari 2018 iwapandishe, Februari ilipita bei ikiwa bado chini. Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumukuvu.

Ndugu wasomaji, tuyatie akilini hayo. Mwenye kukuambia "tunza mahindi, bei lazima ipande" anakudanganya nusu. Miaka mingi inapanda. Mwaka mwingine haipandi. Kwa hiyo asiuze yote Julai, na asifungie yote mpaka Machi.

Jambo jingine ni mikoa yenyewe. Mwaka 2012 Iringa ilizaa Njombe, na Rukwa ikazaa Katavi. Mwaka 2016 Mbeya ikazaa Songwe. Ile mikoa minne mikubwa sasa si minne tena. Lakini mwaka wetu wa mvua moja haukugawanywa, uko vile vile.

HESABU YA MAMA

Sasa tufanye hesabu, kwani historia bila hesabu ni hadithi. Bei ninazoweka hapa ni za mfano tu, si za mwaka fulani.

Mama wa kwanza amevuna magunia 12. Familia yake inakula magunia 9 kwa mwaka. Julai anahitaji shilingi 240,000: kuna deni la mbolea, kuna mtoto wa shule, kuna mchango wa msiba. Gunia ni shilingi 40,000. Anauza magunia 6. Yamebaki 6, chakula kimepungua magunia matatu. Februari gunia ni shilingi 80,000. Ananunua matatu kwa shilingi 240,000. Magunia sita yametoka, magunia matatu yamerudi, hela ni ile ile. Magunia matatu yamepotea na hakuna aliyeiba.

Tena tusisahau lumbesa. Gunia la Julai linashindiliwa debe saba kwa hesabu ya debe sita, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Debe la Februari anapimiwa kwa kukwanguliwa juu. Basi hasara ni zaidi ya hiyo.

Mama wa pili ana magunia 12 na shida zile zile za shilingi 240,000. Anauza matatu Julai, anapata 120,000. Nyingine 120,000 anakopa kwenye kikundi, kwa riba ya sehemu moja ya kumi. Amebaki na magunia yake 9 ya chakula na deni la shilingi 132,000. Mwenzake ili afikie magunia 9 anahitaji 240,000. Tofauti yao ni shilingi 108,000. Toa gharama ya dawa na mifuko ya kuhifadhia, bado faida ipo, na riba aliyolipa imebaki kwenye sanduku lake mwenyewe na la wenzake. Lumbesa haina gawio.

KUSUBIRI KUNA ADUI WAKE

Hatuwezi kuzungumza habari ya kutunza bila kumtaja dumuzi. Mdudu huyu alionekana kwetu nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Tabora, akitokea ng'ambo. Watu wa kule walimwita "Scania", kwa kufananisha na lori. Anageuza gunia kuwa unga kabla hujafika Krismasi. Kabla yake bibi zetu walitunza mahindi na maganda yake juu ya moshi wa jikoni, na yalikaa. Dumuzi akaivunja desturi hiyo, maana yeye anapenda mahindi yaliyo kwenye gunzi. Wataalamu wakafundisha kupukuchua kwanza, kukausha vizuri, kupepeta, ndipo kuchanganya na dawa ya unga. Siku hizi ipo pia mifuko isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa ikiwa mahindi yamekauka sawasawa na mfuko haujatobolewa na panya.

Kukausha kuna faida ya pili. Sumukuvu inatokana na ukungu, na ukungu unapenda unyevu. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye vumbi na kufungwa yakiwa mabichi yanaweza kumdhuru mtoto hata kama macho yetu hayaoni kitu. Turubai moja la kuanikia ni dawa ya bei nafuu.

VINYUNGU, SANDUKU LA PILI

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Lakini methali haikusema huyo mvumilivu anakula nini wakati anasubiri. Hapa kwetu jibu la zamani lilikuwa vinyungu. Kiangazi, mabondeni penye unyevu, mama alipanda mahindi, maharage, mboga na viazi, akavuna wakati wengine wanasubiri mvua. Kinyungu kilimpa hela ya Oktoba na Novemba bila kugusa kihenge. Mahindi ya kuchemsha yanayouzwa pale barabarani kiangazi hayatoki kwingine.

Siku hizi vinyungu vina matatizo yake. Wapo wanaolima mpaka ukingo wa maji, na mito inakauka. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60 kutoka mtoni. Ni kweli inabana, lakini mto ukikauka hakuna atakayepanda mboga. Hili tunapaswa kulizungumza na serikali za vijiji vyetu kabla halijawa kesi.

KALENDA YA SANDUKU NA KALENDA YA SHAMBA

Sasa tumefika kwenye sanduku letu. Miaka kumi tumejifunza kuweka, kukopa na kurejesha. Yote hayo ni mema. Lakini vikundi vingi, na sisi tujichunguze, vina kalenda iliyopangwa kama ya mfanyakazi anayepata mshahara kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa mvua moja mshahara wake unakuja mara moja.

Kikundi kikidai marejesho Julai, kinafanya kazi ile ile ya dalali. Mwanachama atauza mahindi bei ikiwa chini ili awe mwaminifu kwetu. Atasifiwa kwa kurejesha mapema, na Februari atakuja kukopa ili anunue unga. Sisi tutaandika kwenye daftari kwamba mikopo imezunguka vizuri. Kumbe kilichozunguka ni njaa.

Kwa hiyo napendekeza mkutano mkuu ujadili mambo matatu.

Kwanza, tarehe ya kurejesha mikopo mikubwa isiangukie Juni, Julai wala Agosti. Iwe kuelekea mwisho wa Oktoba, bei inapokuwa imeanza kuinuka na hela ya vinyungu imeanza kuingia. Tena miezi ile ya mavuno iwe ndiyo miezi ya kukopesha, ili mtu asilazimike kuuza kihenge chote.

Pili, mgao wa mwaka uwe mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mvua, badala ya kusubiri Krismasi. Najua Krismasi ina raha yake, na watoto wanataka nguo. Lakini mbolea ya kupandia haisubiri Krismasi. Hata ruzuku ikiwepo, mfuko mmoja bado unahitaji hela taslimu, na eka isiyowekewa mbolea kwa wakati inazaa nusu.

Tatu, wanachama wanaotaka watunze na wauze pamoja sehemu ya mahindi yao kwa mzani, si kwa lumbesa. Wauze kwa mafungu: mengine Oktoba, mengine Januari, ili mwaka ukija kama ule wa 2017 wasiangukie shimoni wote. Magunia matatu ya mtu mmoja hayasimamishi lori. Magunia 90 ya watu 30 yanalisimamisha.

HITIMISHO

Tumeona jinsi kihenge cha bibi kilivyokuwa ghala la kwanza, kisha ghala likawa la mwenye trekta wa Ismani, likawa la NMC, likawa la mwenye lori. Kila mara mahindi yalikuwa yale yale na mvua ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani alikuwa na uwezo wa kusema "leo siuzi".

Sanduku letu lenye kufuli tatu ni dogo ukililinganisha na maghala hayo. Lakini ndilo ghala la kwanza tangu zile za bibi zetu ambalo funguo zake tunazo sisi. Miaka kumi ya kwanza limetufundisha kuweka hela. Kumi inayokuja litusaidie kuweka mahindi.

 Mungu atujalie mvua njema Novemba.